Yehudi Menuhin: mkono uliojua kabla ya kujifunza

Alipokuwa na miaka 10, Yehudi Menuhin, mtoto wa Marekani mpiga fidla, alipelekwa Brussels nyumbani kwa mzee Eugène Ysaÿe. Kwa kizazi kizima wapiga fidla wa Ulaya walikuwa wakimtazama Ysaÿe kama mkubwa wao, na mwalimu wa Yehudi kule San Francisco alikuwa amesoma kwake. Mtoto akampigia Symphonie espagnole ya Édouard Lalo, kazi inayowatoa jasho watu wazima. Akaipiga vizuri. Mzee akaridhika, kisha akamwomba jambo dogo sana: apande na kushuka noti za akodi (noti chache zinazopatana) ya A meja, oktavu nne. Hilo ni zoezi la kila siku kwa mpiga fidla, sawa na mwanachuoni kuombwa asome alifu, be, te. Vidole vya mtoto vikapapasa ubao wa fidla kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Ysaÿe akamshauri azishughulikie ngazi zake, yaani noti zinazopanda na kushuka kwa mfuatano, na akodi zake.

Menuhin alikisimulia kisa hiki mwenyewe ukubwani. Kwa Ysaÿe hakurudi. Alikwenda Paris kwa Mromania George Enescu, mwalimu ambaye hakumdai ngazi, na katika muda wa miaka miwili mitatu jina lake likajulikana Ulaya na Marekani. Ikapita miaka mingine kama ishirini, mkono wake wa kulia ukaanza kumsaliti jukwaani, na lile zoezi alilolikimbia Brussels likarudi kumdai.

Tukisikia habari za mtoto wa ajabu, swali la kwanza huwa kipaji kile kilitoka wapi. Mimi kwa miaka mingi nimevutwa zaidi na swali la pili, nalo ni nini hukipata kipaji mwenye nacho anapokua. Maisha ya Menuhin yanalijibu vizuri kuliko ya mwingine yeyote ninayemjua, kwa sababu aliishi muda mrefu na hakuficha yaliyomkuta.

Msomaji wa pwani anaijua fidla. Ni ile inayolia kwenye taarab ya Unguja, safu nzima ikimjibu mwimbaji pamoja na ganuni na udi. Lakini wengi hatujawahi kuishika, kwa hiyo hebu niseme kidogo ugumu wake uko wapi. Gitaa lina vyuma vilivyolala kwa upana wa shingo yake. Bonyeza kati ya vyuma viwili na noti inatoka mahali pake. Shingo ya fidla ni ubao mtupu. Hakuna alama. Kidole kikisogea milimita moja au mbili, sikio la msikilizaji linajua, na kadiri mkono unavyopanda juu ndivyo nafasi kati ya noti na noti zinavyozidi kubana. Huo ni mkono wa kushoto. Mkono wa kulia una kazi ambayo mimi naiona ngumu zaidi: unavuta upinde wa nywele za mkia wa farasi juu ya nyuzi, na kila sekunde lazima upime uzito, kasi, na mahali upinde unapogusa. Uzito ukizidi, sauti inakwaruza. Ukipungua, inapiga miluzi. Bega, kiwiko, kifundo na vidole hubadilishana zamu bila mwenyewe kuviamuru kimoja kimoja, maana hakuna akili inayoweza kuamuru kwa kasi hiyo.

Ndiyo sababu fidla huanzwa utotoni. Watoto hupewa fidla ndogo, robo, kisha nusu, kisha robo tatu, hadi ile kamili, na kila wanapopanda daraja vidole hujifunza upya umbali. Mtoto hulifanya hilo bila kulalamika. Hujifunza fidla kama anavyojifunza kusema.

Hapa nina mfano wa nyumbani. Mtoto wa Kiswahili wa miaka minne anasema “viti vyangu vimevunjika” na hakosei hata silabi moja. Hajawahi kusikia neno ngeli. Ukimuuliza kwa nini amesema vyangu na si zangu, atakukodolea macho. Mgeni wa miaka thelathini anayejifunza Kiswahili anajua jedwali lote la ngeli kwa moyo, lakini akiharakishwa anasema “viti yangu”. Wawili hawa wanajua lugha moja kwa njia mbili, na njia hizo hazikutani zenyewe. Yehudi Menuhin alipiga fidla kama mtoto yule anavyosema Kiswahili, na yaliyompata baadaye yote yanatokana na hilo.

Alizaliwa New York tarehe 22 Aprili 1916. Wazazi wake, Moshe na Marutha, walikuwa Wayahudi waliotoka katika milki ya Urusi na kukutana Palestina kabla ya kuhamia Marekani. Familia ilisimulia kwamba kabla hajazaliwa walikwenda kutafuta nyumba ya kupanga, wakaipenda, na mwenye nyumba akawahakikishia kwa fahari kwamba yeye hapangishi Wayahudi. Marutha akaapa kwamba mtoto aliye tumboni atabeba jina ambalo hakuna atakayelikosea. Yehudi, kwa Kiebrania, maana yake ni Myahudi.

Mwaka 1918 wakahamia San Francisco, ambako Moshe alisimamia shule za Kiebrania. Hawakuwa na fedha za kumlipa yaya, wakawa wanambeba mtoto hadi kwenye matamasha ya okestra ya mji. Mtoto akamkodolea macho Louis Persinger, kiongozi wa safu ya fidla, akaomba apewe fidla pamoja na mtu yule. Rafiki wa familia akamletea fidla ya bati, ya kuchezea. Yehudi akaijaribu, akasikia haiimbi, akaitupa chini akilia. Bibi yake ndiye aliyetuma fedha za kununua fidla ya kweli. Mimi kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha kwamba kilichotangulia kwake ni sikio. Kabla hajajua kushika upinde, alikuwa tayari anajua sauti anayoitaka, na kila kilicho pungufu ya hiyo kilimuudhi.

Alianza masomo akiwa na miaka mitano kwa mwalimu mmoja wa mji ule, kisha Persinger akamchukua. Mbinu ya Persinger ilikuwa kupiga na kuacha mtoto aige. Alijaribu kumfundisha ngazi, akashindwa. Mtoto alizichukia, na kwa kuwa alizipiga kazi nzima bila ngazi, nani angemshurutisha? Akiwa na miaka saba alikuwa ameshapanda jukwaani mbele ya watu. Shule alikwenda siku moja tu. Aliporudi wakamuuliza amejifunza nini, akasema aliona mti dirishani na akatamani ndege aje kuimba juu yake. Hawakumrudisha tena. Walimu wakaletwa nyumbani, na nyumba ikawa dunia yake yote.

Hapa ndipo habari za watoto wa ajabu zinapochanganyikiwa, maana tunapenda kudhani mtoto kama huyu huchipuka kama uyoga baada ya mvua. Nyuma ya Yehudi kulikuwa na watu wengi. Wakili tajiri wa San Francisco, Sidney Ehrman, aligharimia safari ya familia nzima kwenda Ulaya. Baba aliacha kazi yake ili kuongozana na mwanawe na kusimamia mikataba. Mama alishika ratiba, chakula, usingizi, lugha, na nani aruhusiwe kuingia mlangoni. Hata umri ulirekebishwa: vitabu vingi vya zamani vinasema alizaliwa Januari 1917, kwa kuwa wazazi walimkata miezi tisa hivi ili wepesi wa umri uongeze uzito wa sifa. Kwa haki yao niseme kwamba katika miaka ya mwanzo walikataa matamasha mengi kuliko waliyokubali, jambo ambalo wazazi wengine hawakuliweza.

San Francisco yenyewe ilishikwa na homa ya fidla. Ruggiero Ricci, aliyezaliwa 1918, alipelekwa kwa Persinger yuleyule na baba aliyeamua kwamba wanawe watakuwa wanamuziki. Naye akawa nyota akiwa na miaka kumi, na kulipotokea ugomvi mahakamani juu ya nani mwenye haki ya kumlea, magazeti yakapata habari nono. Ricci alipokuwa mzee alisema wazi kwamba nyuma ya kila mtoto wa ajabu utamkuta mzazi mwenye tamaa ya makuu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Na wapo ambao mkokoteni huo uliwaponda kabisa. Josef Hassid, aliyezaliwa Suwałki huko Poland mwaka 1923, alirekodi London mwaka 1940 vipande vichache vifupi ambavyo mpaka leo wapiga fidla huvisikiliza kwa kushika pumzi. Muda mfupi baadaye akili yake ikavunjika. Alifariki mwaka 1950, baada ya kupasuliwa ubongo, hajatimiza miaka 27. Siwezi kusema fidla ndiyo iliyomuua. Maradhi ya akili huwapata hata wasiojua fidla ni nini. Ninachosema ni kwamba alipoanguka, hakuwa na maisha mengine ya kuangukia.

Yehudi yeye alipaa. Novemba 1927, akiwa na miaka 11, alitakiwa kupiga Carnegie Hall, New York. Kiongozi wa okestra, Mjerumani Fritz Busch, aliposikia mtoto anataka kupiga koncheto ya Beethoven alikataa. Kwake ilikuwa kama kumpa mtoto wa sinema nafasi ya Hamlet. Koncheto, kwa asiyezoea neno, ni kazi ndefu inayomweka mpiga ala mmoja mbele ya okestra nzima, na ile ya Beethoven haina mbwembwe za kujificha nyuma yake. Mara nyingi ni ngazi na akodi tupu, zilizo wazi kama maji ya kisima. Busch akakubali amsikilize kwanza. Aliposikia, hakuwa na pingamizi tena. Usiku wa tamasha vidole vya mtoto havikuwa na nguvu za kukaza vigingi vya fidla yake, akampa kiongozi wa safu ya fidla amkazie, kisha akapiga na ukumbi ukasimama.

Tarehe 12 Aprili 1929 alipiga Berlin, Bruno Walter akiongoza okestra. Koncheto tatu kwa usiku mmoja: Bach, Beethoven, Brahms. Ni mzigo ambao hata leo mpiga fidla mzoefu angeufikiria mara mbili. Zilibaki siku kumi atimize miaka 13. Inasimuliwa kwamba Albert Einstein, ambaye mwenyewe alipiga fidla kwa mapenzi, alimkumbatia akisema sasa amejua Mungu yuko mbinguni. Mwaka huohuo tajiri wa benki aliyekuwa amepofuka, Henry Goldman, alimpa fidla ya Stradivari, fundi mashuhuri wa Italia, ya mwaka 1733, iliyoundwa na fundi huyo alipokaribia miaka 90. Bei yake ilikuwa dola 60,000.

Santuri zilimfikisha pasipofikika kwa meli. Za kwanza alizirekodi mwaka 1928 kwa kampuni ya Victor, Persinger akimfuata kwa piano. Mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi kwa HMV, na santuri za makampuni yote mawili zilibeba chapa ileile ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Mwanamke wa Kiswahili kutoka Fumba na mvulana wa San Francisco waliingia masikioni mwa dunia kwa mlango mmoja. Sijui kama kuna jambo jingine linalowaunganisha, lakini kila nikiiona chapa ile nawakumbuka wote wawili.

Julai 1932 alikwenda studio za Abbey Road, London, kurekodi koncheto ya Edward Elgar, mtunzi mwenyewe akiongoza. Elgar alikuwa na miaka 75, kijana 16. Siku walipokutana kufanya mazoezi, Menuhin akapiga kwa dakika chache huku piano ikimfuata. Mzee akasema hana la kuongeza, siku ni nzuri, yeye anakwenda kwenye mbio za farasi. Rekodi iliyotoka inauzwa mpaka leo. Isikilize, hasa sehemu ya pili. Kuna mahali fidla inaingia taratibu kana kwamba ilikuwa ikiimba muda wote na sisi ndio tuliochelewa kufika. Hujiulizi umri wa mpigaji. Huzuni iliyomo ni ya mtu mzima, naye alikuwa hajapata bado kuhuzunika hivyo. Ameipataje? Nadhani aliisikia kwa Elgar na Enescu kama mtoto anavyosikia lafudhi ya wakubwa, akaitamka kwa usahihi kabla ya kujua maana.

Kuna wengine waliolipa gharama ya kipaji hiki, na mara nyingi hawatajwi. Yehudi alikuwa na wadogo zake wawili wa kike, Hephzibah na Yaltah, wote wapiga piano. Mwalimu mmoja wa Paris alishangaa akasema tumbo la Bi. Menuhin ni chuo cha muziki. Lakini mama hakutaka binti zake wawe wasanii wa jukwaani. Aliwaandaa kwa ndoa. Hephzibah akaruhusiwa kupiga zaidi akiwa pembeni ya kaka yake, na rekodi zao za pamoja ni za kupendeza kwa jinsi wanavyopumua kwa pumzi moja. Yaltah, mdogo, alisahauliwa kabisa kwa miaka mingi, na kipaji chake akakikomboa mwenyewe ukubwani. Tunapohesabu mafanikio ya mtoto wa ajabu, tuhesabu na waliokaa kwenye kivuli chake.

Mwaka 1934 na 1935 alizunguka dunia kwa matamasha zaidi ya 100. Aliporudi, familia ikapumzika California kwa muda wa mwaka na nusu hivi bila jukwaa. Alikuwa amekaribia miaka 20, na kwa mara ya kwanza alikuwa na nafasi ya kujiuliza anafanyaje anachokifanya. Mwaka 1938 akamwoa Nola Nicholas wa Australia. Hephzibah akaolewa na kaka wa Nola mwaka huohuo, akahamia Australia kwenye shamba la kondoo. Ndugu waliolelewa kama yai ndani ya pamba wakatoka nyumbani kwa haraka, karibu kwa pamoja, na ndoa zote mbili hazikudumu.

Kisha vita. Menuhin alipiga zaidi ya matamasha 500 kwa ajili ya wanajeshi na misaada: kambini, hospitalini, kwenye mabanda yenye baridi, akisafiri kwa ndege za kijeshi na kulala pale alipopata. Mwili uliozoea ratiba ya mama ukawa hauna ratiba. Mwaka 1943 aliagiza sonata ya fidla pekee kwa mtunzi Béla Bartók, mkimbizi wa Hungaria aliyekuwa mgonjwa na mkavu wa fedha New York, na mwaka uliofuata akaipiga kwa mara ya kwanza Carnegie Hall. Kwangu hiyo ni kazi yake ya kwanza ya utu uzima. Hakuna aliyekuwa ameipiga kabla yake, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwiga. Julai 1945, akiwa na Benjamin Britten kwenye piano, alipiga Bergen-Belsen mbele ya watu walionusurika kwenye kambi ile ya mauti. Na mwaka 1947 akaenda Berlin kupiga na Wilhelm Furtwängler, kiongozi wa okestra aliyebaki Ujerumani karibu wakati wote wa utawala wa Hitler. Myahudi mwenye jina lile! Wayahudi wengi walimkasirikia vibaya na hasira ile ilimfuata miaka mingi. Yeye alishika kwamba anakwenda kupatanisha.

Katikati ya hayo yote, upinde ulianza kutetemeka. Mkono wa kulia haukuvuta tena moja kwa moja kama zamani. Noti ndefu na tulivu, ambazo mtoto alizivuta kama anavuta pumzi, zikawa na mawimbi yasiyotakiwa. Baadhi ya siku alipiga kama malaika, siku nyingine alihangaika, na asubuhi hakujua leo ni siku ipi.

Nini kilitokea? Mwili ulikua, kwanza. Mkono wa mtu mzima una urefu mwingine, uzito mwingine, misuli mingine ya bega. Mazoea yaliyojengwa kwenye mwili wa mtoto hayahamii yenyewe. Uchovu wa vita ukaongezea, na ndoa iliyokuwa ikivunjika. Lakini hayo huwapata wapiga fidla wengi, nao huvuka. Huvuka kwa sababu wana pa kurudi. Mtu aliyejengwa kwa ngazi na mazoezi, mkono ukikataa, anarudi kwenye msingi: anavuta upinde taratibu, anakagua kiwiko, anakagua kifundo, anagundua kasoro iko wapi kama fundi baiskeli anavyogeuza gurudumu. Menuhin hakuwa na msingi wa kurudia. Alikuwa amejua siku zote, na hakuwahi kujifunza. Alipojitazama ili aone anapigaje, kule kujitazama kwenyewe kukauzidishia mkono ugonjwa. Mwulize mzawa yule wa Kiswahili aeleze kwa nini ni vyangu kila anapotamka vyangu, uone kama hatagugumia.

Akiwa zaidi ya miaka thelathini, mwenye jina kubwa kuliko karibu kila mpiga fidla duniani, alianza upya kama mwanafunzi. Alisoma maandishi ya walimu wa ufundi. Aliuliza wenzake maswali ambayo mtoto wa miaka minane angeyajibu. Na hakuacha jukwaa alipokuwa akifanya hivyo, uamuzi ambao mpaka leo sijajua kama niusifu au niusikitikie. Watu walilipa kiingilio kumsikia Menuhin wa mwaka 1929, na mbele yao alisimama mtu anayejifunza kutembea. Faraja yake ilikuwa mke wake wa pili, Diana Gould, mcheza baleti waliyeoana 1947, mwanamke ambaye mwili wake mwenyewe ulifundishwa hatua kwa hatua.

Msaada mkubwa ulitoka pasipotarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikutana na kitabu cha yoga, akavutiwa na wazo kwamba mwili unaweza kufundishwa kusimama, kupumua na kulegea. Mwaka 1952 alialikwa India na Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru. Nehru, aliyekuwa mtu wa yoga, alimtaka aonyeshe anavyosimama kwa kichwa, kisha naye akasimama kwa kichwa kumwonyesha inavyotakiwa. Bombay akaletewa mwalimu aitwaye B.K.S. Iyengar, ambaye wakati huo nje ya India hakuna aliyemjua. Menuhin alikuwa amechoka, akamwahidi dakika tano. Iyengar akamlaza, akamtuliza, na mpiga fidla ambaye kwa muda mrefu hakupata usingizi mzuri akalala fofofo. Dakika tano zikawa saa kadhaa. Miaka miwili baadaye alimwalika Uswisi, akampa saa ya mkononi iliyochorwa maneno ya kumshukuru kuwa ndiye mwalimu wake bora wa fidla.

Maneno yale hayakuwa ya adabu tu. Iyengar hakujua fidla, lakini alijua bega. Alijua kwamba mkono hauanzii kiwikoni. Unaanzia mgongoni, na mgongo unategemea nyayo, na pumzi ikizuiwa kila kitu hukaza. Hayo ndiyo maarifa aliyoyakosa Menuhin tangu San Francisco. Aliyachukua, akayapeleka kwenye upinde, akayaandika. Kitabu chake cha mafunzo ya fidla cha mwaka 1971 kina masomo sita, na mazoezi ya mwanzo kabisa hayahitaji fidla: kupumua, kujinyoosha, kuachia mikono ining'inie.

Je, alipona? Wapenzi wa fidla wamegombania hilo kwa miaka mingi. Mimi nimesikiliza rekodi zake za miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi, na nitasema ninavyosikia. Ule wepesi wa mwaka 1932 haukurudi. Koncheto ya Elgar aliirekodi tena mwaka 1965, na ukiziweka bega kwa bega utasikia mtu mzima akipanda kilima ambacho kijana alikiruka. Wakati mwingine sauti inakauka, na mara mojamoja upinde unatikisika. Lakini kwenye sehemu za taratibu kuna kitu ambacho kijana yule hakuwa nacho. Lile neno ambalo mtoto alilitamka bila kujua maana, sasa anajua maana, na unamsikia akilipima kabla ya kulitoa. Nisingependa kuchagua kati ya rekodi hizo mbili, na simwamini sana anayeona ni rahisi kuchagua.

Jambo jingine lilifunguka. Mtu aliyekubali kuwa mwanafunzi haoni haya kukaa mbele ya mabwana wa fani nyingine. Mwaka 1966 alipiga na Ravi Shankar, bingwa wa sitari wa India, kwenye tamasha la Bath, Uingereza, na rekodi yao iliyotoka mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy. Alipiga jazi na Stéphane Grappelli, Mfaransa ambaye aliweza kubuni papo hapo mambo ambayo Menuhin ilimlazimu kuandikiwa. Alisema hivyo wazi, wala hakuona amedhalilika.

Mwaka 1963 alianzisha shule ya muziki ya bweni Uingereza, ambayo makao yake yako Stoke d'Abernon, kusini mwa London. Mfano wake aliuona Moscow, kwenye shule ambamo watoto wenye vipaji walisoma muziki na masomo ya kawaida chini ya paa moja. Ukiutazama mpangilio wa shule ile unamwona mtoto wa San Francisco akirekebishiwa utoto wake. Watoto huanza wakiwa na miaka minane hivi. Wanasoma hesabu na lugha darasani pamoja na wenzao, jambo alilolionja kwa siku moja. Wanapiga muziki wa vikundi, watatu au wanne, ambapo huwezi kuwa nyota peke yako kwa sababu mwenzako naye ana kipaji kama chako. Na wana walimu wa ufundi tangu mwanzo. Mpiga fidla Mwingereza Nigel Kennedy alipita pale. Mwaka 1983 akaongeza mashindano ya wapiga fidla vijana, akitaka yawe mahali pa watoto kusikilizana na kujifunza kwa majaji, hata wanaotolewa mapema.

Mwaka 1985 akawa raia wa Uingereza, na 1993 akaingia Baraza la Malordi. Katika miaka ya mwisho aliiweka fidla chini akawa anaongoza okestra. Mkono wa kulia, ule uliomsumbua nusu ya maisha, ukashika kifimbo badala ya upinde. Alikuwa Ujerumani kwa kazi hiyo alipougua. Alifariki Berlin tarehe 12 Machi 1999, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 70 tangu usiku wa koncheto tatu katika mji huohuo. Wakamrudisha Stoke d'Abernon, wakamzika ndani ya uwanja wa shule, karibu na mti alioupanda mwenyewe, mahali ambapo watoto wa miaka minane wanajifunza ngazi.